L ya Kulia

Kwa mwaka mzima niliwafundisha wanafunzi wa kidato cha pili mlima ambao haupo. Ulikuwa kwenye sayari ya Mirihi, wa mviringo, juu bapa kama kigoda, na mimi nilisimama mbele ya ubao na chaki mkononi nikiueleza kwa raha zangu zote. Mikondo mitatu ikauchora kwenye madaftari, nami nikaweka alama za vema kwa kalamu nyekundu. Kama mambo yangeishia Mirihi, leo ningejicheka na kuendelea na maisha. Hayakuishia huko.

Nikiri kwanza kwamba mimi ni mwoga wa mashimo. Giza silijali, nyoka nawavumilia, hata wakaguzi wa shule wakija nawakaribisha chai. Mashimo ndiyo siyawezi. Nimezaliwa karibu na Songwa, pale ambapo mgodi mkubwa wa almasi ulikuwepo kabla wazazi wangu hawajaoana, na ardhi ya pembeni yote imetobolewa na watu waliokuwa wakibahatisha. Nikiwa na miaka minane, ng'ombe wetu mmoja, jike jekundu mwenye ndama, alitumbukia kwenye shimo la zamani lililokuwa limefunikwa na majani. Lilikuwa refu na jembamba, na wanaume walikosa namna ya kumfunga kamba. Alilia siku mbili. Sauti yake haikutoka upande wowote unaoweza kuuonyesha kwa kidole, ilitoka chini tu, na mimi nilikaa nimeinua miguu juu ya kitanda nisije nikaikanyaga. Siku ya tatu kukawa kimya, na ule ukimya ndio ulionitia woga ambao haujanitoka. Mpaka leo nikipita kwenye majani marefu napapasa kwanza kwa ncha ya kiatu, na wenzangu wa ofisi ya walimu wananicheka.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa na miaka minne wakati ule. Yeye hakumbuki chochote. Anakumbuka kwamba tulikula nyama.

Miwani ya aina iliyonionyesha ule mlima nilikutana nayo kwanza kwenye semina ya walimu wa jiografia mjini Shinyanga. Mkufunzi alikuwa kijana mwenye sauti ndogo ambaye alianza kwa kutuambia tunyooshe mkono, tuinue kidole gumba, tufumbe jicho moja, kisha tulifumbe lile jingine. Kidole kikaruka kutoka hapa kwenda pale. "Hakijaruka," alisema, "ni macho yenu yanakiangalia kutoka sehemu mbili tofauti. Kichwa kinalinganisha hizo picha mbili, ndipo kinajua kitu kiko karibu au kiko mbali." Kisha akaeleza kwamba vyombo vinavyozunguka sayari hufanya hivyohivyo. Chombo kinapita juu ya sehemu fulani, kinapiga picha. Siku nyingine kinapita tena kimeinama kidogo pembeni, kinapiga sehemu ileile. Picha moja inakuwa jicho la kushoto, nyingine jicho la kulia. Zinapakwa rangi, moja nyekundu na nyingine bluu, zinalazwa pamoja kwenye karatasi moja, na anayezitazama anavaa miwani yenye rangi hizohizo ili kila jicho lipate picha yake.

Alitupitishia miwani moja ya karatasi ngumu na picha ya uso wa Mwezi. Bila miwani ilikuwa fujo tupu, kama gazeti lililochapwa vibaya. Nilipovaa, karatasi ilifunguka. Meza ikawa haina chini. Mbele yangu palikuwa na shimo la mviringo lililochimbwa na kimondo, kuta zake zinashuka na kushuka, na mimi, mtu mzima mwenye cheo cha mwalimu mwandamizi, nilimshika mkono jirani yangu nikapiga yowe. Semina nzima ilicheka. Jirani yangu, mwalimu kutoka Kishapu, aliniuliza kama nimesahau nauli ya kurudia duniani.

Nilirudi na picha za Mirihi kwenye flashi, lakini miwani hatukupewa. Mdogo wangu wakati huo alikuwa fundi wa makochi pale mjini, mtu wa mikono, aliyeishia darasa la saba lakini ukimpa boksi na gundi anakutengenezea chochote. Nilimtumia ujumbe: nyekundu kwenye L, bluu kwenye R. Nilinakili tu kutoka kwenye maelezo ya mkufunzi. Baada ya siku mbili alileta miwani arobaini, fremu za boksi za sabuni, vioo vya nailoni ya kufungia zawadi, na kila moja ameiandika L na R kwa mbele kwa maandishi mazuri ya kalamu ya wino. Nilizipanga juu ya meza zikiwa zimenitazama. L kushoto, nyekundu. R kulia, bluu. Nikamsifu, nikamnunulia soda.

Nilipovaa na kufungua picha za Mirihi, nikaona vilima. Vilima vya mviringo, vingi, vimetulia, na kutoka kwenye kona moja hadi nyingine ukuta mrefu uliopindapinda. Sikuona shimo hata moja, na nilifurahi mno. Nilijiambia kwamba Mwezi ndio wenye mashimo, Mirihi ni nchi ya vilima, na kwamba hatimaye nimepata sayari ya watu kama mimi. Swali lolote ambalo mtu mwenye akili angeuliza, sikuliuliza, kwa sababu jibu nililokuwa nalo lilinipendeza.

Mwaka uliofuata mdogo wangu aliacha makochi akafuata dhahabu Geita. Alioa huko, akapanga vyumba viwili Kalangalala, na kila tukipigiana simu nilimwuliza swali moja: shimo lina urefu gani sasa? Alinidanganya kila mara. Nilijua ananidanganya kwa sababu idadi ilikuwa haiongezeki.

Likizo ya Desemba nilikwenda kuwatembelea. Rafiki yangu niliyesoma naye chuo, anayefanya kazi ya kuchora ramani hapo Geita, alinipa zawadi ya kupeleka darasani: karatasi kubwa yenye upana wa nusu meza, iliyotengenezwa kwa picha mbili za setilaiti zilizopiga eneo la mji na vijiji vya pembeni. Nyekundu na bluu, kama zile za Mirihi. Niliikunja mara nne ikaingia kwenye mkoba, pamoja na miwani yangu ya boksi la sabuni. Mdogo wangu alipoiona hakulala. Kesho yake akarudi kutoka kazini na mwenye duara.

Duara ndilo shimo la kuchimbia, na mwenye duara ndiye anayelisimamia na kulisha watu wake. Huyu alikuwa mzee wa makamo, mnene, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Tulisalimiana kwa adabu, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu. Mwangaluka. Kijana wako anasema una macho ya setilaiti."

Shida yao ilikuwa hivi. Duara lao lilikuwa limeshuka wima, na sasa chini walikuwa wanafuata mkanda wa dhahabu kwa kupasua njia ya kulala, kuelekea mashariki. Upande wa mashariki palikuwa na eneo la mtu mwingine, mkorofi, ambaye alikuwa amelizungushia mabati marefu na kuweka mbwa kabla hajatoweka zake. Hakuna aliyejua nyuma ya yale mabati kuna nini. Kama ni ardhi ngumu, sawa. Kama kuna maduara ya zamani yaliyoachwa, basi yamejaa maji, na mtu anayeyatoboa kwa chini habaki kusimulia.

Nilikunjua robo moja tu ya karatasi, ile yenye eneo lao, nikavaa miwani. Mdogo wangu alinionyesha kwa unyasi palipo duara, na mstari mwembamba wa mabati. Nyuma ya mstari niliona vitu vinne vimejipanga kwa safu, vimeinuka vizuri, vya mviringo.

"Vifusi," nilisema. "Marundo ya udongo, manne. Mashimo hakuna."

"Una uhakika, mwalimu?"

Niliangalia tena. Mapaa ya nyumba za karibu yalionekana kama yamezama kidogo ardhini, jambo ambalo lilinikwaza kwa muda wa kupepesa jicho. Nikadhani ndivyo karatasi ilivyo.

"Nina uhakika," nilisema.

Mzee aliweka kofia yake vizuri, akasema basi tunaenda mashariki, na mdogo wangu akanitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama tangu tuzaliwe. Mimi dada mwoga, wa kupapasa majani kwa kiatu, nilikuwa nimewafaa wanaume.

Zilipita siku kumi. Katika hizo, mvua ilinyesha tatu za mwisho bila kupumzika, mvua ya kugonga bati mpaka watu wanaongea kwa ishara. Asubuhi iliyofuata kulikucha jua. Mdogo wangu alikuwa ameshaondoka. Wifi yangu alikuwa uani akichochea sufuria ya michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, nami nikaona ni siku nzuri ya kuikunjua karatasi yote na kuibandika ukutani, nipange somo la Januari. Niliifunga kwa pini nne, nikavaa miwani, nikarudi nyuma hatua mbili.

Kwenye kona ya juu, sehemu ambayo haikuwahi kukunjuliwa, kulikuwa na mlima.

Ulikuwa mkubwa kuliko kitu chochote kwenye ile karatasi. Ulipanda kwa ngazi, ngazi moja juu ya nyingine, zinazunguka na kupanda mpaka kileleni, na kileleni kabisa kulikuwa na kidimbwi cha maji. Nilitabasamu kwanza. Nilijaribu kukumbuka jina la mlima huo. Kisha nikaona barabara inayopita chini yake, nikaitambua, kwa sababu nilikuwa nimeipita kwa basi nikiwa nimefumba macho. Nilifumba macho kwa sababu ya shimo. Pale hapana mlima. Pale ni shimo kubwa la mgodi, lile ambalo Geita nzima inalijua, lenye ngazi za magari ya mawe kushuka chini.

Shimo lilikuwa limesimama.

Nilivua miwani nikaigeuza mkononi. L imeandikwa kwa mbele. Kwa mbele, inayonitazama, iko kushoto kwangu. Lakini miwani haivaliwi ikiwa inakutazama. Nilipoipeleka usoni polepole, ile L ilikwenda ikakaa juu ya jicho langu la kulia. Nikatoka uani nikamwuliza wifi.

"Wifi, mumeo ukimwambia herufi L, anaelewa nini? Upande gani?"

Alinitazama kama ninamtega. "L si ya kulia? Ku-li-a. Na hiyo nyingine ndiyo ya kushoto, iliyobaki. Kwani ipo vipi?"

Alikuwa na haki. Nani alimwambia mdogo wangu kwamba L ni herufi ya Kiingereza? Nilimtumia fundi wa makochi ujumbe wa herufi mbili, na yeye akazitafuta kwenye maneno anayoyajua. Kwenye "kushoto" L haimo, kwenye "kulia" imo. Na R kwetu Usukumani ni mgeni; hata akija, tunampokea kama L. Macho yangu yalikuwa yamepewa picha kinyume, la kushoto limepewa ya kulia na la kulia ya kushoto, na kichwa kikafanya kazi yake kwa uaminifu: kilichozama kikakiinua, kilichoinuka kikakizamisha. Mlima wa Mirihi. Ukuta mrefu, ambao bila shaka ni bonde. Mapaa ya nyumba yaliyozama.

Vifusi vinne nyuma ya mabati.

Nilikunja fremu upande wa pili, nikaivaa nje-ndani ili rangi zibadilishane. Lile shimo la mgodi likaporomoka kwenda mahali pake. Kisha nikatafuta mstari wa mabati. Nyuma yake mashimo yalikuwa manne, kwa safu, meusi, yamenyooka na mkanda wao, na la kwanza lilikuwa karibu na mabati kiasi kwamba unyasi uliolazwa kwenye mstari ungeligusa.

Nilipiga simu ya mdogo wangu. Haipatikani. Bila shaka haipatikani, mtu yuko chini ya ardhi. Nilipiga ya mwenye duara, ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Wifi alikuwa amesimama na mwiko mkononi akiniuliza kuna nini, na mimi, Mungu anisamehe, nikamwambia hakuna kitu, nimesahau tu jambo la kazi. Nilinyofoa karatasi ukutani pini zikaruka, nikatoka nayo pamoja na miwani, kandambili za bafuni miguuni.

Dereva wa bodaboda aliniambia barabara imeharibika kwa mvua, twende taratibu. Nilimpigia kelele ambazo sikujua ninazo. Njia nzima kila dimbwi tulilopita nililiona kama mdomo. Nilikuwa nahesabu kichwani: mvua siku tatu, njia ya kulala wanapasua hatua ngapi kwa siku, mabati yako mbali kiasi gani. Mimi nafundisha ukubwa wa ramani, najua kubadilisha sentimita kuwa mita, na kila nilipobadilisha nilipata jibu moja. Kama walikuwa wamefanya kazi vizuri, walikuwa wamefika. Nikaomba, nikiwa nimeshika shati la mtu nisiyemjua, kwamba wanaume hawa wawe wavivu.

Pale machimboni maduara yamejipanga kila mahali, vibanda vya maturubai, mashine za kusaga mawe zinanguruma, kila mtu amepakwa vumbi la kijivu lililogeuka tope. Duara letu lilikuwa limezungushiwa kamba. Mlinzi wake alinyanyua mkono kabla sijafika, akiniita mama kwa Kisukuma.

"Simama hapo, mayu. Mwanamke havuki kamba."

"Nina shida na ndugu yangu, yuko chini."

"Ndio utalatibu. Mwanamke akivuka, dhahabu inakimbia. Subili watoke saa nane."

Ilikuwa saa nne. Nimelelewa kuheshimu taratibu za watu, na hata wakati ule, sijui kwa nini, miguu yangu ilisimama kwenye kamba kama ng'ombe aliyefungwa. Nilimwita mwenye duara kwa sauti, mara ya kwanza, mara ya pili. Akatoka kibandani na kikombe cha chai.

"Baba, watoe watu. Sasa hivi. Nilikosea. Si vifusi, ni mashimo, manne, na maji yamo."

Nyuma yake wanaume wawili wa winchi waliacha kuzungusha.

"Mwalimu," alisema taratibu, "juzi vifusi. Leo mashimo. Kesho utaniambia ni ziwa? Watu wangu wamefika penye mawe mazuri jana."

"Wamefika wapi?"

"Karibu na mabati."

Hapo niliogopa kiasi kwamba nilitulia. Nilikunjua karatasi kwenye tope, nikapiga magoti upande wangu wa kamba, nikairudisha miwani ilivyokuwa mwanzo, nikampa. "Baba, wewe unalijua lile shimo kubwa la mgodi?" Akasema nani asiyelijua. "Vaa. Liangalie, kona hii hapa." Akaivua kofia ya sufu, akavaa miwani ya boksi la sabuni, akainama, na tumbo lake likazuia pumzi.

"Mbona liko juu?"

"Hivi ndivyo nilivyokuwa nimevaa siku ile. Sasa vua. Igeuze, ya ndani iwe nje. Vaa tena."

Alivaa tena. Sikuona macho yake, niliona mdomo. Ulifunguka kidogo ukabaki hivyo. Kisha bila mimi kusema neno, kidole chake kinene kilianza kutembea juu ya karatasi, kikafuata barabara, kikaingia njia ya machimboni, kikapata mabati, kikasimama. Akahesabu kwa Kisukuma, kwa kunong'ona, moja mpaka nne.

Kulikuwa na rimu ya gurudumu imetundikwa kwenye mti karibu na winchi. Mzee mnene yule alikimbia. Aliigonga kwa nondo mara tatu, akasimama, akagonga tatu tena, na kila aliyekuwa jirani akaacha alichokuwa akifanya na kugeuka kuangalia.

Chini walikuwa watano. Winchi ya mkono inainua mmoja tu kwa wakati, na sijawahi kuona kitu kinachokwenda polepole kama ile kamba. Wa kwanza akatoka, akauliza nani kafa. Wa pili akatoka anatukana. Wa tatu alikuwa mtu wa makamo, aliponiona nje ya kamba alishika winchi kuwasaidia wenzake. Wa nne alichelewa. Nilikuwa nimeshika kamba ya mpaka kwa mikono miwili na nilikuwa nasikiliza ardhi kwa nyayo zangu, nasubiri isikike kitu, nasubiri isisikike. Wa nne akatoka, akasema mwenzake yupo mwisho kabisa, kule kwenye jiwe, hakusikia, ameshituliwa kwa kuvutwa mguu, anakuja.

Winchi ilizunguka. Nilifumba macho. Sikuweza kuangalia mdomo wa shimo, hata kwa ajili yake sikuweza.

"Dada? Umefanya nini huku na kandambili?"

Alikuwa amelowa mpaka mapajani. Si jasho, si tope la juu, ni maji, maji ya kijivu yanayochuruzika kutoka kwenye suruali yake na kutengeneza dimbwi dogo miguuni. Mwenye duara aliyaona wakati uleule nilipoyaona mimi.

"Hayo maji ya wapi?" aliuliza.

"Ukuta wa mbele unatoa jasho," mdogo wangu alisema. "Tangu juzi. Jana yakaanza kutiririka." Akageuka kwangu, na alikuwa anatabasamu, anataka nijivunie. "Hawa wenzangu walitaka tutoke. Wameogopa toka jana asubuhi. Mimi ndiye niliyewatuliza. Nikawaambia, jamani, acheni woga, dada yangu ameshapaona, huko mbele ni vifusi tu."

Wale wanne walitikisa vichwa kuthibitisha. Ndiyo, ndivyo alivyosema.

Nilikaa chini kwenye tope. Watu wanne walikuwa na woga wa kutosha kuwaokoa, woga mzuri, wa haki, uliowajia wenyewe kwa kuona maji ukutani, na mimi niliyeishi na woga wangu miaka yote niliwanyang'anya wa kwao kwa kipande cha boksi. Nilijaribu kumwambia hivyo. Yalitoka machozi tu, na yeye akachuchumaa mbele yangu upande wa pili wa kamba akisema yaya, hapana, dada, basi, tumetoka, si unaona tumetoka.

Mwenye duara alifunga lile duara siku hiyohiyo. Hakuna kilichoporomoka mbele yetu, na hapakuwa na kishindo. Wanasema baada ya wiki ukiangaza tochi ndani ulikuwa unaona maji yametulia juu ya magogo ya kuta.

Lakini kabla hatujaondoka pale, mzee alikuja na karatasi yangu. Alikuwa ameifuta tope kwa shati lake, akaikunja kwa uangalifu kuliko nilivyoikunja mimi. Nyuma yake walisimama wale watano, na wa winchi, na mlinzi, na watu wa maduara mengine waliokuwa wameshasikia. Alininyooshea miwani kwa mikono miwili, kama anavyopewa mtu mkubwa.

"Haya, mwalimu," alisema. "Sasa tumeshajua inavyovaliwa. Tuambie tuchimbe wapi."

Niliwatazama mmoja mmoja. Walikuwa wanasubiri kweli. Mdogo wangu alikuwa anasubiri kuliko wote, maji bado yanamtiririka. Asubuhi ile yote nilikuwa nimeogopa shimo, na sasa niliziogopa zile nyuso.

"Sijui," nilisema.

Wakacheka. Wakadhani naringa, na karatasi na miwani vikabaki mikononi mwa mzee.

Kesho yake kulipopambazuka nilimsikia mdogo wangu akivaa buti zikiwa bado zimelowa. Nikatoka kumwuliza anakwenda wapi. Akaniambia wamepata duara lingine, upande wa magharibi, na kwamba nisiwe na wasiwasi, mzee ameshapaangalia kwenye picha.